Tutapimaje mshtuko wa kirushwa maabarani bila kipimo chenyewe kupotosha matokeo?

Mpimaji ameuliza:

Wanajukwaa, salamu.

Ninashughulikia kirushwa cha kisayansi, yaani chombo kinachorushwa kwa mtutu wa gesi na kujichimbia ardhini ili kupima ugumu na unyevu wa udongo pale kilipofikia. Mwili wake ni bomba la chuma lenye urefu wa milimita 400 na tungamo la kilo 3 na ushei, na ndani yake kuna kinasa data, betri na vihisi, vyote vikiwa vimezamishwa katika resini. Kabla ya kukipeleka kwenye mtutu tunakijaribu maabarani kwa meza ya kuangusha. Kirushwa hufungwa wima, pua ikiwa chini, kwa bolti nne zinazoshika kiuno chake kwenye kishikizo cha alumini. Meza hupandishwa hadi mita 1.5, huachiwa, hugonga pedi ya felti, na akselerometa, yaani kipima mchapuko, iliyofungwa juu ya kishikizo hurekodi kilichotokea.

Nina matatizo matatu ambayo nashuku yana mzizi mmoja. Kwanza, kimo kile kile cha kuangusha hunipa kilele cha g 4,000 leo na g 6,500 kesho (g hapa ni mchapuko wa mvutano wa dunia, mita 9.81 kwa sekunde kila sekunde), ilhali sijabadilisha chochote ninachokijua. Pili, juu ya mpigo mkuu, ambao upana wake ni takriban theluthi moja ya milisekunde, kuna mawimbi madogo ya karibu kilohezi 20, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, ambayo huendelea hata baada ya mpigo wenyewe kwisha. Tatu, mshtuko ukishapita, mstari haurudi kwenye sifuri bali hubaki umeelea juu kidogo, na nikikokotoa eneo lililo chini yake ili kupata badiliko la kasi napata mita 14 kwa sekunde.

Akselerometa ni ya kawaida ya piezo, yaani yenye fuwele inayotoa chaji ya umeme ikikazwa, na cheti chake kinasema masafa yake ya asili, yaani kiwango inachotetemeka chenyewe ikigongwa, ni kilohezi 30. Kinasa cha maabara kinachukua sampuli 50,000 kwa sekunde. Mwenzangu mmoja anapendekeza tuchuje kila kilicho juu ya kilohezi 5, tuondoe wastani ili mstari urudi sifuri, kisha tuandike ripoti. Nafsi yangu inakataa, kwa kuwa nahofia kwamba tutakuwa tumeipamba data badala ya kuisahihisha. Je, nianze kutafuta kosa wapi?

Fundi wa Vihisi amejibu:

Ndugu Mpimaji, nafsi yako ina haki ya kukataa. Anza na hiyo mita 14 kwa sekunde, kwa sababu ndiyo shahidi aliyejisaliti mwenyewe. Kitu kinachoangushwa kutoka mita 1.5 hufika chini kikiwa na kasi ya mita 5.4 kwa sekunde, wala hakiwezi kuzidi hapo kwa kuanguka tu. Hata kama pedi ingekirudisha juu kwa kasi ile ile kiliyokuja nayo, jambo ambalo felti haiwezi kulifanya, badiliko zima la kasi lingekuwa 10.8. Kwa hiyo, isipokuwa kama meza yako ina kamba za mpira za kuivuta chini au ina tungamo la pili la kukuza mshtuko, data yako inadai jambo lisilowezekana, na hakuna haja ya kusoma kilele chake kabla hujajua kwa nini.

Tuseme pedi inakirudisha kwa nusu ya kasi. Badiliko la kasi litakuwa karibu mita 8 kwa sekunde. Mpigo wenye umbo la nusu ya wimbi la sine una eneo linalolingana na kilele mara muda mara mbili, ukigawanya kwa pai. Ukiweka theluthi moja ya milisekunde na hiyo 8, kilele kinatoka karibu g 3,900. Unaona basi kwamba g 4,000 ya siku ya kwanza ina sura ya ukweli, na ile 6,500 ni g 4,000 iliyopandiwa na kitu kingine mgongoni.

Kitu hicho, nina shaka kubwa, ni akselerometa yako ikijililia yenyewe. Kinasa kinachochukua sampuli 50,000 kwa sekunde hakiwezi kuonyesha kwa haki masafa yoyote yaliyo juu ya kilohezi 25. Yaliyo juu ya hapo hayapotei, bali hukunjwa na kurudi chini yakiwa na sura nyingine, na kilohezi 30 kikikunjwa kwenye sampuli 50,000 huonekana kuwa kilohezi 20 kamili. Jaribio la kuthibitisha ni la dakika tano: badili kinasa kichukue sampuli 45,000 kwa sekunde na uangushe tena. Mtetemo wa kweli wa kilohezi 20 utabaki ulipo. Wa bandia utahamia kilohezi 15. Ukihama, fahamu kwamba kichujio cha kompyuta hakitakusaidia, maana hakiwezi kumtambua mgeni aliyekwisha kuvaa nguo za mwenyeji. Kichujio cha kuzuia masafa bandia lazima kiwe cha saketi na kikae kabla ya data kugeuzwa kuwa tarakimu. Mimi hupenda kinasa cha sampuli milioni moja kwa sekunde kwa mishtuko ya aina yako, si kwa sababu mpigo wa theluthi ya milisekunde unahitaji zote hizo, bali ili nione kila kinachonidanganya.

Kuhusu sifuri inayohama, usiiondoe kwa hesabu. Fuwele ya piezo ikishtuliwa karibu na masafa yake ya asili hupata mkazo mkubwa kuliko unaoonekana kwenye mstari uliochujwa, na chaji yake inaweza kubaki imesogea hata mshtuko ukiisha. Kikuza mawimbi kilichofurika huacha alama kama hiyo hiyo, na kebo inayopigapiga huku imeshikana na kihisi vilevile. Ukiondoa wastani, mstari utarudi sifuri, lakini kosa lililotokea katikati ya mpigo litabaki humo humo, limesafishwa uso tu. Rekodi ambayo sifuri yake imehama ni ya kutupwa. Ukiihitaji sana, itaje kuwa ina kasoro.

Tiba ni kubadili kihisi. Kwa mishtuko mikali tafuta akselerometa ya silikoni ya aina ya piezoresistivu, yaani ambayo ukinzani wake wa umeme hubadilika ikikazwa, na ambayo masafa yake ya asili hupita kilohezi 100, na ikiwezekana iwe na kizuizi cha mtetemo ndani yake, kwa kuwa zisizo nacho hulia kama kengele na huvunjika bila taarifa. Wapo wanaoweka tabaka laini chini ya kihisi ili kukinga masafa ya juu. Njia hiyo inafaa, lakini tabaka hilo nalo lina masafa yake ya asili na hubadilika kwa joto, hivyo lipimwe kwanza lenyewe.

Na pendekezo la mwenzako la kilohezi 5 si dhambi. Dhambi ni kuandika kilele bila kuandika kichujio. Rekodi moja ikichujwa kwa kilohezi 2, 5 na 20 hutoa vilele vitatu tofauti, na vyote ni vya kweli kwa masharti yake.

Wimbi Refu amejibu:

Naongeza juu ya hayo, kwa sababu hata kihisi kikiwa kamilifu bado kimewekwa mahali pasipofaa.

Tunazoea kusema "kirushwa kilipata g 4,000" kana kwamba ni jiwe lisilopindika. Katika fimbo au bomba la chuma wimbi la mkazo husafiri karibu mita 5,000 kwa sekunde, kwa hiyo kuvuka milimita zako 400 hulichukua mikrosekunde 80 hivi, na kwenda na kurudi 160. Mpigo wako mzima ni mikrosekunde 330. Maana yake ni kwamba wimbi linapata nafasi ya kwenda na kurudi mara mbili tu, pua na mkia havijaafikiana bado kuhusu kinachoendelea, na mshtuko umekwisha. Mtetemo wa kwanza wa urefu wa bomba hilo, likiwa huru pande zote mbili, uko karibu kilohezi 6.3, na hakuna sababu ya kudhani kwamba haukuamshwa.

Sasa tazama mlipolifunga. Katikati ya bomba ndipo mahali pekee ambapo mtetemo huo wa kwanza hausogezi chochote, huku ncha zote mbili zikisogea zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote. Kihisi kilicho karibu na kiuno ni kipofu kwa mtetemo wa kilohezi 6.3, na kinasa data kilichoko mkiani kinaupata wote. Mnaweza kupata rekodi safi ya kupendeza na chombo kilichovunjika, mkabaki kuulizana kulikoni.

Halafu kuna njia ya kani kuingia. Kwenye mtutu, gesi husukuma mkia. Ardhini, udongo husukuma pua. Kwenye meza yenu kani inaingilia kiunoni, kwa bolti nne, kutoka upande. Hakuna siku katika maisha ya chombo hicho ambapo kitapigwa hivyo. Bolti hizo pia hushika mahali ambapo mpindo wa kwanza wa bomba ungepinda zaidi, kwa hiyo zinauzuia. Kama ni lazima bomba lishikwe ubavuni ili lisianguke, lishikwe kwa ulaini takriban milimita 90 kutoka kila ncha, ambako mpindo huo hausogei, na mshtuko wenyewe uingie kwa mkia au kwa pua kupitia kitako kilichochongwa sawasawa.

Kishikizo cha alumini nacho si mjumbe mwaminifu. Kasi ya wimbi katika alumini, chuma na titani inakaribiana mno, na ndiyo maana watu hudhani metali hizo zinafanana. Lakini linaloamua wimbi litapita au litarudi ni kasi hiyo ikizidishwa kwa msongamano, na kwa alumini zao hilo ni kama theluthi moja ya la chuma. Penye mpaka wa alumini na chuma wenye eneo sawa, wimbi hurudi likiwa na karibu nusu ya ukubwa wake. Kila mpaka, kila washa na kila karatasi mliyoweka chini ya kitako ni mahali pa wimbi kugawanyika.

Niwaambie yaliyonipata. Tuliwahi kupoteza majuma matatu tukilaumu betri za chombo chetu kwa sababu kila rekodi ilionyesha mtetemo wa kilohezi 2.5, na kila betri iliyokufa ilikufa baada ya mtetemo huo. Mwishowe tuliangusha kishikizo kitupu, bila kirushwa. Kilohezi 2.5 kilikuwapo vilevile, kikicheka. Ulikuwa mtetemo wa bamba la kishikizo chetu wenyewe. Tangu siku hiyo siangushi kirushwa chochote kabla ya kuangusha kishikizo kitupu, kisha kishikizo chenye gogo la chuma lenye tungamo lile lile. Bamba likiwa na mtetemo wake ndani ya masafa unayotaka kupima, lifanye nene na fupi zaidi. Kulifanya zito hovyo hakusaidii, kwa kuwa meza itaanza kupiga kwa namna nyingine.

Kuhusu vilele vinavyotofautiana siku hadi siku, kagua felti na bolti. Felti iliyopigwa mara kumi si felti mpya: imeshindiliwa, mpigo unakuwa mwembamba na kilele kinapanda ingawa eneo halibadiliki. Bolti zikazwe kwa spana ya kupima msokoto, kwa kiasi kile kile kila siku.

Mpimaji amejibu:

Nawashukuru nyote wawili. Nimefanya niliyoambiwa na nimeona aibu kidogo.

Kwa sampuli 45,000 mawimbi yale yalihamia kilohezi 15 bila kusita. Tumeazima kinasa cha sampuli milioni moja na akselerometa ya piezoresistivu, tukaweka kichujio cha saketi, na sasa sifuri hurudi nyumbani kila mara. Tumeweka pia vilango viwili vya mwanga ili kupima kasi ya meza ikishuka na ikirudi, bila kutegemea akselerometa hata kidogo. Katika mpigo wa jana meza ilifika kwa mita 5.3 kwa sekunde na kurudi kwa 2.7, jumla 8.0, eneo la mstari wa akselerometa lilitoa 8.3. Vilele vya mipigo sita kwa felti mpya kila mara vilikuwa kati ya g 3,900 na g 4,150. Kitako kipya cha chuma kimechongwa, na kirushwa sasa kinasimama juu ya pua yake.

Bado kuna jambo linalonisumbua. Vinasa data viwili vilivyopita meza hiyo salama vilikufa kwenye mtutu. Mtutu wetu una urefu wa mita 3, kirushwa hutoka kwa kasi ya mita 300 kwa sekunde na husimama ndani ya mita 1.5 za udongo. Kwa hesabu yangu wastani wa mchapuko ni kama g 1,500 mtutuni na g 3,000 udongoni, yote chini ya g 4,000 ya meza. Iweje kilichostahimili kikubwa kiuawe na kidogo?

Mzee wa Mtutu amejibu:

Kwa sababu kile si kidogo, kijana wangu. Mmekitazama kwa jicho moja.

Mshtuko una kilele, una muda, na una badiliko la kasi, na hili la tatu ndilo wengi hulisahau. Mtutuni chombo chenu kinasukumwa kwa milisekunde 20. Udongoni kinazuiwa kwa milisekunde 10. Kila mara badiliko la kasi ni mita 300 kwa sekunde. Meza yenu inatoa mita 8 kwa theluthi ya milisekunde. Ili kufikisha mita 300 kwa kuangusha tu, mngehitaji mnara wa zaidi ya kilomita 4.5, tena usio na hewa. Usiulize kwa nini hakuna aliyeujenga.

Tofauti hiyo inaua nini? Chukua ubao wa saketi uliozama katika resini laini, wenye masafa yake ya asili kama hezi 200, yaani unahitaji milisekunde 5 kutikisika mara moja. Mpigo wa meza unakwisha kabla ubao haujajua kwamba umepigwa. Unapata msukumo tu wa mita 8 kwa sekunde, na mchapuko wake mkubwa kabisa unatoka karibu g 1,000. Ubao huo huo ukiwa udongoni, chini ya g 3,000 zinazodumu milisekunde 10, una muda wa kutosha wa kulemewa wote, na kama kani ilianza ghafla unaweza kufikia karibu mara mbili ya hizo. Kwa hiyo meza iliujaribu kwa g 1,000 na udongo ukautoza 6,000. Chukua sasa kipande kigumu chenye masafa ya kilohezi 10, mathalani kauri ndogo iliyounganishwa kwa risasi ya kulehemia: hicho kinaufuata mpigo wa meza karibu hatua kwa hatua na kupata g 4,000 zake kamili, zaidi ya wastani wa udongo. Jaribio moja limemdekeza mmoja na kumwonea mwingine. Namba ya kilele ikiwa peke yake haiwezi kukuonyesha hilo.

Ndiyo sababu mishtuko hulinganishwa kwa spektra ya mwitikio, ambayo Maurice Biot aliieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1932 akifikiria matetemeko ya ardhi. Unajiuliza: kama ningekuwa na safu ya vitu vyenye masafa ya asili tofauti, kila kimoja kingefikia mchapuko gani kwa mshtuko huu? Chora mstari wa meza, chora mstari wa mtutu, uiweke pamoja. Kwenu mtaona meza ikiwa chini sana upande wa masafa madogo na ikipanda upande wa masafa makubwa. Lakini angalizo: spektra hiyo huramba kila uongo ulioko kwenye rekodi. Sifuri iliyohama huinua upande wa masafa madogo kwa namna ya kushawishi sana, na kwa bahati mbaya ndiko hasa mnakotaka kuona nguvu.

Mnajua habari za Deep Space 2? Vyombo viwili vidogo vya NASA vilivyofika Mars Desemba 1999 pamoja na Mars Polar Lander, vikitakiwa kugonga ardhi bila parachuti na kujichimbia. Havikusikika tena. Sababu haikuwahi kuthibitishwa, lakini uchunguzi uliofuata ulisema wazi kwamba havikuwa vimejaribiwa vya kutosha. Nayataja haya kwa sababu kipande kimoja kimoja kupita jaribio lake hakukupi haki ya kusema chombo kizima kitapita.

Fundi wa Vihisi amejibu:

Nakubaliana na Mzee kuhusu spektra, ila sikubali meza idharauliwe. Meza ina thamani yake: inagundua lehemu mbovu, gundi isiyokauka na waya uliosahaulika, na inafanya hivyo mara ishirini kwa siku. Ninachopinga ni ripoti kuandika kwamba chombo "kimefaulu mshtuko wa g 4,000". Iandike "g 4,000, nusu sine, milisekunde 0.33, badiliko la kasi mita 8 kwa sekunde, kichujio kilohezi 5", na msomaji mwenye akili atajua mwenyewe kilichothibitishwa na kisichothibitishwa.

Tena Mpimaji, hiyo tofauti ya 8.3 na 8.0 ni chini ya asilimia 4. Usiifukuze. Ikiwa inakukera, peleka akselerometa ikapimwe kwa leza kwa utaratibu wa ISO 16063-13, au ipigeni juu ya fimbo ndefu ya Hopkinson yenye geji za kupima mnyooko wa chuma, mlinganishe. Bertram Hopkinson alitumia fimbo ndefu, bila geji, mwaka 1914, na mpaka leo sijaona njia rahisi zaidi ya kujua mpigo mkali ulikuwa na umbo gani, kwa sababu wimbi husafiri ndani ya fimbo nyembamba karibu bila kubadilika na unalisoma kabla halijagonga ncha na kurudi.

Mpimaji amejibu:

Nimeelewa. Basi majaribio ya muda mrefu yafanyike mtutuni. Hapo nauliza mawili: tutakizuiaje kirushwa baada ya kutoka bila kukipa mshtuko mwingine, na tutaiaminije rekodi ya kinasa ambacho chenyewe ndicho kinachojaribiwa?

Mzee wa Mtutu amejibu:

Maswali hayo ndiyo yenye uzito, na nitajibu la kwanza kwa kanuni moja: mshtuko wa kukizuia uwe dhaifu mara kadhaa kuliko ule unaoujaribu, katika masafa yote na si katika kilele tu. Ukitaka kujaribu msukumo wa mtutu peke yake, urefu wa kuzuia lazima uzidi urefu wa mtutu kwa mbali. Mtutu wa mita 3 na sanduku la mchanga la mita 1.5 ni jaribio la sanduku. Wengine hutumia mrija mrefu uliofungwa mwisho wake, hewa iliyomo ikibanwa taratibu mbele ya kirushwa. Wengine hutumia matabaka ya nyuzi au povu yanayozidi ugumu kidogo kidogo. Matabaka yabadilishwe kila mara, kwa sababu yaliyokwisha kubanwa hayabani tena. Na mtoboe matundu karibu na mdomo wa mtutu ili gesi ipungue kabla kirushwa hakijatoka. La sivyo kuachiwa ghafla kwa msukumo huo nako ni mshtuko, wenye alama ya kinyume, unaokifanya kirushwa kilichobanwa kijifungue kama springi.

Ukitaka kujaribu kugonga, igeuze shughuli. Kirushwa kikae kimya, kimening'inizwa kwa nyuzi nyembamba, nawe urushe shabaha. Fizikia haijali nani anakimbia mradi kasi kati yao ni ile ile, na kirushwa kinachoanza kikiwa kimesimama unaweza kukiunganisha kwa kebo, kukielekezea leza na kukitazama kwa kamera ya kasi. Bei ya raha hiyo ni kwamba shabaha ya udongo ndani ya ndoo inayorushwa si udongo wa uwanjani: umeshinikizwa wakati wa kurushwa, na kuta za ndoo zinarudisha mawimbi. Kipenyo cha ndoo kiwe mara nyingi ya kipenyo cha kirushwa, la sivyo utakuwa unapima ndoo.

La pili lina dawa ninayoipenda: chaneli bubu. Ndani ya kinasa hicho hicho weka kihisi cha pili kilichofungwa sawasawa na cha kwanza, chenye kebo ile ile na kikuza kile kile, lakini kimenyimwa umeme wa kuhisi, au weka rezista tulivu badala yake. Kihisi hicho hakipaswi kusikia chochote. Kila kitakachorekodiwa na chaneli hiyo wakati wa mshtuko ni uongo unaotoka kwenye kebo, viunganishi, au saketi yenyewe, na ukubwa wa uongo huo ndio mpaka wa imani yako kwa chaneli ya kweli. Msishangae kukuta mengi. Kapasita nyingi za kauri ni za bariamu titaneti, ambayo ni piezo kama kihisi chenu cha kwanza. Ukizipiga zinatoa volti. Fuwele ya saa ya kinasa nayo hupoteza hesabu, na hapo mhimili wa muda wote unanyooka au kujikunja bila mtu kujua.

Wimbi Refu amejibu:

Kuhusu saa hiyo, njia ya kuikamata ni kuweka alama mbili za nje ambazo kinasa hakizitengenezi chenyewe. Sumaku mbili nje ya mtutu, katika umbali unaojulikana, na koili ndogo ndani ya mwili wa kirushwa, ambao kwa sehemu hiyo usiwe wa chuma. Kila sumaku itaacha alama kwenye rekodi. Kasi iliyopimwa na kamera, kasi inayotokana na alama hizo na eneo chini ya mstari wa akselerometa vinapaswa kukubaliana. Vikikubaliana viwili na kimoja kikakataa, mnajua pa kufungua kwanza.

Mpimaji amejibu:

Tumepitisha chaneli bubu kwenye mipigo mitatu ya mtutu. Katika mpigo wa kwanza ilionyesha g 900 za uongo, ilhali ile ya kweli ilionyesha kilele cha g 2,600. Tulipobadili kapasita mbili za kauri na kuifunga kebo ya ndani kwa resini urefu wake wote, uongo ukashuka hadi g 70. Vinasa viwili vilivyokufa tumevikata: ubao ulikuwa umetoka kwenye resini laini upande wa mkia na kung'oa kiunganishi cha betri, sawasawa na hesabu ya Mzee ya hezi 200. Cha tatu tumekijaza resini ngumu zaidi na kimerudi na data yake yote. Vilango vya mwanga vilitoa mita 297 kwa sekunde na eneo la mstari likatoa 304. Sanduku la mchanga tumelitupa, na mrija wa hewa wa mita 12 unaunganishwa wiki hii.